Kumhamisha Mtoto Shule Si Kukimbia Vita

Kila muhula mpya wa masomo unapokaribia, katika makambi ya jeshi na ya polisi nchini Uganda huonekana shughuli zile zile. Masanduku ya chuma huandikwa majina upya, magodoro huanikwa juani, na wazazi hukaa usiku wakihesabu fedha za karo, za sabuni na za nauli. Lakini katika baadhi ya nyumba hizo yumo mtoto asiyeifurahia safari ya kurudi shuleni. Hasemi kitu. Siku ya Jumapili jioni tumbo humuuma, chakula hukiacha, daftari zake zimechanika naye hawezi kueleza zilichanwa na nani. Mzazi akimwuliza, hujibu kwamba hakuna neno. Ni juu ya mtoto huyo, na juu ya wajibu wetu kwake, tunapotaka kuzungumza leo.

Jambo linalomsibu mtoto huyo ni uonevu wa wanafunzi kwa wanafunzi wenzao. Inafaa tulieleze vyema, maana wako watu wanaodhani kwamba kila ugomvi wa watoto ni uonevu, na wako wengine wanaodhani kwamba uonevu ni ugomvi tu wa watoto. Watoto wawili wa kimo kimoja wakipigana kwa ajili ya mpira, hilo ni jambo la siku moja. Uonevu una alama tatu: hufanywa kwa kukusudia kuumiza, hurudiwa tena na tena, na anayeufanya ana nguvu kuliko anayefanyiwa, ziwe nguvu za mwili, za umri, za wingi wa wenzake au za cheo cha ukiranja. Si lazima ngumi itumike. Jina la kejeli linaloitwa kila siku na darasa zima huweza kuumiza kuliko fimbo.

Wala si jambo la nchi moja. Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, lilitoa taarifa yake mwaka 2019 likaeleza kwamba karibu mwanafunzi mmoja kati ya kila watatu duniani alikuwa ameonewa na wenzake angalau mara moja katika muda wa mwezi mmoja. Kwa hesabu hiyo, askari mwenye watoto watatu shuleni hana sababu ya kudhani kwamba habari hii haimhusu.

MKASA WA KOPLO MMOJA

Tunamfahamu koplo mmoja wa jeshi ambaye mwaka 2023 alikuwa katika ulinzi wa amani nchini Somalia. Mkewe alibaki kambini, na mtoto wao wa kiume, mwenye umri wa miaka kumi, alikuwa darasa la nne katika shule ya bweni. Jina la shule hiyo hatutalitaja, kwa kuwa haja yetu ni somo wala si lawama.

Katika muhula wa pili wavulana wakubwa walianza kumnyang'anya sukari yake. Kisha wakamfulisha mashati yao. Kisha, alipoanza tena kukojoa kitandani kwa sababu ya hofu, walilitoa godoro lake nje mbele ya bweni zima na kulitangaza. Mtoto hakusema lolote mpaka mama yake alipoziona alama za kucha mgongoni siku ya kutembelewa. Mama alimpigia simu mumewe kule Mogadishu. Koplo, akiwa na mambo mengine mazito kichwani, alijibu kwa maneno machache: "Mwambie awe mwanamume. Ampige mmoja wao, wengine watamwacha."

Mtoto alitii amri ya baba yake. Alimpiga mmoja kwa jiwe. Akachapwa viboko mbele ya wanafunzi wote, akarudishwa nyumbani kwa majuma mawili, na wale waliomwonea wakabaki darasani. Tangu siku hiyo hakumweleza baba yake jambo jingine lolote kwa muda wa mwaka mzima.

Koplo aliporudi nchini alifanya lile ambalo wazazi wengi wangelifanya. Alikopa fedha katika chama cha akiba na mikopo, akatafuta shule yenye sifa kubwa kuliko zote ambazo angeweza kuzilipia, iliyokuwa ikitajwa kwa wingi wa wanafunzi wanaofaulu daraja la kwanza, na mwaka 2024 akamwingiza mtoto katikati ya muhula. Hakuitembelea kabla ya hapo. Bweni lilikuwa na watoto wapatao tisini chini ya mlezi mmoja. Majuma matatu hayakupita kabla mambo hayajarudi kuwa yale yale. Fedha zimetumika, deni limebaki, na mtoto sasa ameamini kwamba kosa ni lake, kwa kuwa ameonewa katika shule mbili.

Tutamrudia koplo huyo baadaye. Kwanza tutazame kwa nini mambo kama haya huwapata watoto wa askari.

KWA NINI WATOTO WETU

Mtoto wa askari ana mambo yake ambayo mtoto wa mkulima au wa mfanyabiashara hana. La kwanza ni uhamisho. Baba au mama hupelekwa leo Gulu, kesho Mbarara, mtondo Moroto. Kila uhamisho humfanya mtoto awe mgeni darasani, na mgeni hana rafiki wa kusimama naye siku ya kwanza. Waonevu humtafuta aliye peke yake.

La pili ni lugha. Tangu mtaala wa madarasa ya chini ulipoanza kutumika mwaka 2007, watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu, hasa mashambani, hufundishwa kwa lugha ya mahali pale. Mpango huo una manufaa yake kwa wenyeji. Lakini mtoto aliyelelewa kambini, ambaye lugha yake ya kuchezea ni Kiswahili, hujikuta kiziwi darasani, na wenzake humcheka. Isitoshe, Kiswahili chenyewe kilibeba katika sehemu nyingine za nchi yetu sifa mbaya isiyostahili, kwa sababu wananchi wengi walikisikia kwanza kikitumiwa kwa amri na vitisho, hasa katika utawala wa Idi Amin wa mwaka 1971 hadi 1979. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hata hivyo, uamuzi wa Baraza la Mawaziri haufiki haraka katika uwanja wa michezo wa watoto.

La tatu ni makazi. Nani kati ya askari polisi asiyezijua zile nyumba za mabati za mviringo ambazo sisi wenyewe tulizipa kwa utani jina la "mama ingia pole"? Utani huo, ukiwa kinywani mwa askari mwenyewe, ni wa kujiliwaza. Ukiwa kinywani mwa mtoto wa tajiri akimwambia mtoto wa konstebo mbele ya darasa, ni mshale.

La nne ni kutokuwapo kwetu. Mzazi aliye katika operesheni, katika doria au nje ya nchi hawezi kuziona dalili zilizo usoni mwa mtoto. Anaambiwa habari kwa simu, nusu, na mara nyingi baada ya mambo kuharibika.

Lakini haki inatutaka tuseme upande wa pili pia. Wako watoto wa askari ambao ndio waonevu. Wamesikia nyumbani kwamba mwenye nguvu hapingwi, wamezoea kuona mambo yakiamuliwa kwa sauti kubwa, nao wanajivunia bunduki ya baba mbele ya wenzao. Mzazi aliye tayari kumtetea mwanawe na awe tayari vilevile kupokea habari kwamba mwanawe ndiye anayewaliza wengine.

SHERIA INASEMAJE

Askari ni mlinzi wa sheria. Hapana budi aijue sheria inayomlinda mtoto wake. Uganda iliuridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1990, mwaka mmoja baada ya kupitishwa na Umoja wa Mataifa. Mkataba huo unazitaka nchi zimlinde mtoto na kila namna ya ukatili, wa mwili na wa akili. Katiba yetu ya mwaka 1995 inazungumzia haki za watoto katika kifungu cha 34. Marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yalikwenda mbele zaidi, yakapiga marufuku adhabu ya viboko katika shule. Kwa hiyo yule mwalimu aliyemchapa mtoto wa koplo mbele ya gwaride la wanafunzi hakulisahau somo la ubinadamu tu, alivunja sheria.

Jeshi la polisi lina idara yake inayoshughulikia ulinzi wa mtoto na familia, ambayo maafisa wake hupatikana katika vituo vingi. Kila wilaya ina afisa wa ustawi wa jamii. Iko pia simu ya bure ya watoto, namba 116, ambayo mtoto mwenyewe au mtu mzima yeyote anaweza kuipiga.

Tunalisema jambo hili kwa sababu iko njia moja ambayo baadhi yetu huifuata, nayo ni ya aibu. Baba akisikia mwanawe amepigwa, huvaa sare, hupanda pikipiki, huingia shuleni na kuwatisha walimu na watoto wa watu. Labda hata silaha anayo. Siku hiyo watoto huogopa kweli. Lakini kesho yake yeye yuko kazini, na mwanawe yuko peke yake kati ya wanafunzi wanaomchukia na walimu wasiotaka kumgusa. Sare tuliyopewa na taifa si ya kumalizia magomvi ya nyumbani. Mzazi na aende shuleni akiwa mzazi, katika nguo za kiraia, akiwa na maelezo yaliyoandikwa: siku, mahali, lililotendeka na waliokuwapo. Askari anajua thamani ya maelezo yaliyoandikwa vizuri; ayatumie.

JE, NI LAZIMA KUHAMA?

Mzazi akisikia mateso ya mwanawe, wazo la kwanza ni kumtoa. Wazo hilo si baya, lakini halipaswi kuwa la kwanza daima. Shule inayo kamati yake ya uongozi ikiwa ya msingi, au bodi ya magavana ikiwa ya sekondari. Shule nyingi zina mwalimu mlezi wa wasichana na mwalimu mlezi wa wavulana. Mzazi aanze kwa mwalimu wa darasa, kisha mwalimu mkuu, kisha kamati. Ataje analolitaka: kwamba waonevu watenganishwe na mtoto bwenini, kwamba mwalimu fulani apewe jukumu la kumwangalia, na kwamba wakutane tena baada ya majuma mawili. Shule ikitimiza hayo, mtoto atabaki na rafiki zake na walimu aliowazoea, nalo ni jambo kubwa.

Hata hivyo, ziko dalili ambazo zikionekana hakuna haja ya kungoja. Ikiwa mtoto ameumizwa kiasi cha kuhitaji matibabu. Ikiwa amefanyiwa jambo lolote la aibu katika mwili wake. Ikiwa amesema, hata kwa mzaha, kwamba afadhali afe. Ikiwa walimu wenyewe ndio wanaomwita kwa jina la kejeli. Au ikiwa shule imejulishwa zaidi ya mara moja na haikutenda lolote, basi mtoto na atolewe. Hapo mambo yaliyo makosa ya jinai yapelekwe polisi, wala yasimalizwe kwa mbuzi na radhi ya wazee.

Katika makambi tumewahi kusikia hoja kwamba kumhamisha mtoto ni kumfundisha kukimbia. Askari yeyote aliyepata mafunzo anajua tofauti iliyopo. Kikosi kilichotawanyika kwa hofu kimeshindwa. Kikosi kilichoondolewa mahali pabaya kwa amri, kwa mpango na kwa utaratibu, ili kijipange mahali pengine, hakikushindwa. Koplo wetu alipomhamisha mwanawe mara ya kwanza alifanya kama kikosi kilichotawanyika: aliondoka bila upelelezi wa kule alikokwenda.

NAMNA YA KUCHAGUA SHULE MPYA

Jambo la kwanza ni kwamba mzazi aitembelee shule yeye mwenyewe, siku ya masomo, wanafunzi wakiwapo. Shule isiyo na watoto ni majengo tu. Afike kabla ya mapumziko, akae mpaka watoto watoke nje. Atazame ni nani aliye uwanjani pamoja nao. Je, yuko mwalimu, au wote wamejifungia ofisini? Atazame foleni ya posho na maharagwe: wadogo wanapata chakula kwa zamu yao, au wakubwa wanawasukuma nyuma? Atazame vyoo, maana chooni na njia ya kwendea chooni ni mahali ambapo waonevu hupenda kungojea. Katika muda wa saa moja ya kutazama namna hiyo atajifunza mambo ambayo hayamo katika orodha ya matokeo ya mtihani.

Jambo la pili ni swali moja ambalo tunamshauri kila mzazi amwulize mwalimu mkuu: "Mara ya mwisho mtoto alipoonewa hapa shuleni, mlifanya nini?" Asikilize jibu kwa makini. Mwalimu mkuu akijibu kwamba katika shule yake hakuna uonevu kabisa, mzazi na ashukuru, aage, aende zake. Palipo na watoto mia tano uonevu haukosi kuzuka. Asiyeuona ni yule asiyeutafuta. Lakini akieleza kwamba muhula uliopita kulikuwa na tatizo fulani, kwamba waliita wazazi wa pande zote mbili, kwamba waliandika katika kitabu na kufuatilia, basi hapo pana uongozi.

Jambo la tatu ni hesabu ya watu. Bweni lina watoto wangapi, na walezi wangapi hulala humo? Je, wadogo hulala pamoja na wakubwa? Swali hili lina uzito wa pekee nchini mwetu, kwa kuwa madarasani mwetu umri umechanganyika. Elimu ya msingi kwa wote ilipoanza mwaka 1997 iliwaingiza watoto wa kila umri, nalo lilikuwa jambo jema. Tena shule zetu zilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona tangu Machi 2020, na madarasa yote hayakufunguliwa mpaka tarehe 10 Januari 2022. Waliorudi hawakuwa na kimo kilicholingana na madarasa yao. Mvulana wa miaka kumi na tano na mtoto wa miaka kumi wakifungiwa bweni moja usiku kucha bila mlezi, mzazi asingoje kuambiwa litakalotokea. Na akiwa bwenini, atazame pia milango na madirisha. Mwezi Aprili 2008 wanafunzi wasichana 19 wa shule ya msingi ya Budo Junior waliteketea kwa moto usiku wakiwa bwenini. Shule inayojua idadi ya watoto waliolala katika kila chumba na njia watakayotokea ndiyo inayojua pia ni nani aliyelia usiku.

Jambo la nne ni nidhamu ya walimu. Shule inayotawaliwa kwa viboko huwafundisha watoto kwamba mkubwa ana haki ya kumpiga mdogo, nao hulitumia somo hilo bwenini. Hapa tuna ushahidi wa nyumbani. Katika wilaya ya Luwero shule 42 za msingi ziliingia katika utafiti ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2015. Nusu ya shule hizo zilitumia kwa mwaka mmoja na nusu mpango uitwao Good School Toolkit, uliotungwa hapa Uganda, ambamo walimu na wanafunzi hukubaliana juu ya utaratibu wa nidhamu usio wa viboko. Mwishoni, katika shule zisizotumia mpango huo, karibu nusu ya wanafunzi walisema kwamba walikuwa wamepigwa au kuumizwa na wafanyakazi wa shule katika juma lile moja lililopita. Katika shule zilizoutumia, idadi hiyo ilikuwa chini ya theluthi moja. Bado ni wengi, lakini tofauti ni kubwa, na haikuletwa na majengo mapya wala fedha nyingi. Ililetwa na watu wazima walioamua kubadili mwenendo.

Jambo la tano ni umbali. Wengi wetu tunaamini kwamba shule ya bweni ndiyo shule, na kwamba ya kutwa ni ya wasio na uwezo. Kwa mtoto aliyekwisha kuonewa imani hiyo ina hatari. Mtoto wa kutwa hurudi nyumbani kila jioni; uso wake huonekana, nguo zake huonekana, na jambo likianza hujulikana kabla ya juma kwisha. Ikiwa mzazi mmojawapo au ndugu wa kuaminika yuko karibu, shule ya kutwa iliyo jirani, hata ikiwa haina sifa kubwa, mara nyingi ndiyo dawa. Ikiwa wazazi wote wawili wako mbali kikazi na bweni haliepukiki, basi ichaguliwe shule ambayo shangazi, mjomba au jirani anaweza kuifikia kwa siku moja.

Jambo la sita ni wakati. Mwanzo wa mwaka, wanafunzi wengi wanapokuwa wageni, ni bora kuliko katikati ya muhula, ambapo mgeni huwa mmoja tu. Mzazi wa mtoto wa darasa la saba, wa kidato cha nne au cha sita akumbuke kwamba mtahiniwa hufanya mtihani wa taifa katika shule aliyoandikishwa. Akiwa amekwisha kuandikishwa, wazazi wazungumze na shule zote mbili kabla ya kufanya lolote, au watafute namna ya mtoto kukaa nyumbani na kwenda kufanya mtihani tu.

BAADA YA KUHAMA

Shule mpya ikishapatikana, kazi haijakwisha. Mwalimu mkuu aelezwe ukweli kuhusu yaliyotokea. Kuficha kwa ajili ya aibu ni kumwacha mtoto bila ulinzi. Lakini wanafunzi wenzake hawana haja ya kuyajua, na mtoto apewe nafasi ya kuanza upya. Aulizwe maoni yake kabla ya uamuzi, na aione shule kabla ya siku ya kwanza. Apatiwe angalau mwenzake mmoja wa kutembea naye. Na mzazi aliye mbali ajiwekee siku ya kupiga simu, wala asiulize kwanza, "Umekuwa wa ngapi?" Aulize, "Unakula na nani? Unacheza na nani?" Mtoto asiyeweza kutaja jina hata moja baada ya mwezi mzima anahitaji kutembelewa.

Wakubwa wa vikosi nao wana sehemu yao. Uhamisho wa askari ni jambo la lazima, lakini pale ambapo hakuna dharura, kumhamisha mwenye watoto mwishoni mwa mwaka wa shule badala ya mwezi Juni hakulipunguzii jeshi nguvu. Na shule zilizo makambini, ambazo zinawapokea watoto wa makabila yote, zinaweza kuwa mfano kwa nchi, kwa kuwa humo Kiswahili hakichekwi na hakuna aliye mgeni kuliko mwenziwe.

Mambo haya huwezekana pale watu wazima wanapoyashika. Mwishoni mwa mwaka 1982 wavulana watatu katika sehemu ya kaskazini ya Norway walijiua, na uonevu wa wenzao ulidhaniwa kuwa sababu kubwa. Mwaka uliofuata serikali ya nchi hiyo ilianzisha kampeni katika shule zote. Mtaalamu Dan Olweus aliwafuatilia wanafunzi wapatao 2,500 katika mji wa Bergen, na baada ya miaka miwili matokeo aliyoyatangaza yalionyesha kwamba uonevu ulikuwa umepungua kwa kadiri ya nusu au zaidi. Taifa lile lilizinduka baada ya kuzika watoto. Sisi hatuna sababu ya kungoja hadi hapo.

Tumrudie sasa koplo wetu. Mwishoni mwa mwaka 2024, yeye na mkewe walizitembelea shule tatu wakati wa masomo. Katika mbili waliambiwa kwamba hakuna uonevu. Katika ya tatu, shule ya serikali ya kutwa iliyo mwendo wa dakika ishirini kutoka kambini, mwalimu mkuu, mama wa makamo, alitoa kitabu katika kabati na kuwasomea, bila kutaja majina, tatizo la mwezi uliopita na lililofanywa. Waliichagua hiyo. Mtoto alianza darasa la sita Februari 2025. Hakuwa wa kwanza darasani mwaka huo, alikuwa katikati. Deni la ile shule yenye sifa bado linakatwa katika mshahara wa baba yake.

Lakini mama yake alituambia kwamba sasa Jumapili jioni mtoto hula chakula chake akamaliza. Naye koplo alituambia jambo jingine. Katika miaka yake yote ya utumishi, alisema, amri anayojutia kuliko zote ni ile aliyoitoa kwa simu kutoka Mogadishu. Alimwomba radhi mwanawe kwa ajili yake, na ilikuwa baada ya hapo ndipo mtoto alipoanza kumsimulia, kidogo kidogo, yaliyompata. Ndugu askari aliye mbali na nyumbani leo, simu ya namna hiyo huenda ikakufikia wewe kesho. Ikikufikia, usitoe amri. Mwulize mtoto nini kimetokea, kisha umsikilize mpaka amalize.